Wengu Mkubwa, Ini Tulivu: Kumpima Mgonjwa Unaposhuku Vena Porta Imeziba

Damu iliyoganda ndani ya vena porta haionekani kwa jicho wala haipapasiki kwa kidole. Mshipa wenyewe umejificha nyuma ya shingo ya kongosho, pale vena ya wengu inapokutana na vena kuu ya utumbo, kisha hupanda hadi kwenye ini ukipeleka takriban robo tatu ya damu yote ambayo ini hupokea. Tunachoweza kukipata kitandani ni athari za kuziba kwake tu, na athari hizo zina tabia moja ambayo mwongozo huu wote unaizunguka: hazilingani na hali ya ini. Mgonjwa ana wengu uliojaza ubavu wa kushoto, pengine ametapika damu usiku kucha, ilhali ini lake ni la ukubwa wa kawaida, haliumi, na ngozi yake haina alama yoyote ya ini lililochakaa.

Wasafiri wa kisiwa cha Pate, huku Lamu, wanaijua hali hii kwa namna yao. Zamani maji yakipwa, mlango wa Mkanda, ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, ulikuwa haupitiki; mashua zilirundikana upande mmoja zikingoja, wenye haraka walizunguka Manda kwa nje, na ng'ambo ya pili hapakuwa na msongamano wowote. Donge likikaa kwenye shina la vena porta, msongamano uko kabla ya ini, yaani kwenye wengu, tumbo la chakula, umio na utumbo, na mishipa ya umio ikifura huweza kupasuka na kuvuja damu. Ini liko ng'ambo, nalo hujikimu kwa ateri yake, ambayo huongeza mtiririko, na kwa vijishipa vya kuzunguka vinavyoota kando ya donge katika muda wa siku au wiki chache.

Haya ninayaandikia wenzangu wa zahanati na vituo vya afya vya visiwani na vya bara, ambao kwao mashine ya altrasaundi mara nyingi iko safari ya boti na gari, na ambao mikono yao ndiyo itakayoamua nani asafirishwe leo na nani asubiri.

Kabla ya kugusa tumbo

Uchunguzi huharibika mapema kuliko tunavyodhani, na hapa kwetu huharibiwa na mambo matatu ya kila siku. La kwanza ni mwanga. Umanjano mdogo wa macho hauonekani ndani ya chumba cha nyumba ya mawe yenye dirisha moja, wala chini ya taa ya umeme. Mtoe mgonjwa uani au mkalishe karibu na mlango, mwambie atazame chini, kisha uinue kope la juu.

La pili ni hina. Mwanamke aliyetoka harusini au aliyesherehekea Idi ana viganja na kucha zilizokolea rangi, na wekundu wa viganja pamoja na weupe wa kucha, ambazo ni alama za ini lililosinyaa, huwezi kuzisoma hapo. Usiandike kwamba hazipo. Andika kwamba hazikuweza kuonekana, kisha tafuta ushahidi mahali pengine: vijishipa vyekundu vyenye umbo la buibui kifuani na shingoni, na kwa wanaume matiti yaliyokua. Upungufu wa damu nao utazame ndani ya kope na kwenye ulimi.

La tatu ni tambuu. Kinywa chekundu na mate mekundu ya mtafunaji vimewahi kumfanya mtu aandikiwe kuwa ametapika damu, na kinyume chake pia hutokea, yaani mzee anayetema damu kweli akadhaniwa ametema tambuu. Msukutue kinywa kwa maji, kisha utazame tena.

Mgonjwa mwanamke apimwe kwa ruhusa yake, mlango ukiwa umefungwa na muuguzi au jamaa yake akiwapo. Tumbo lifunuliwe kutoka chini ya matiti hadi kwenye kinena. Anayepapasa wengu juu ya nguo anapapasa nguo.

Wengu umevimba, na kila mtu anasema ni malaria

Hili ndilo tatizo litakalokufikia mara nyingi zaidi, na ndilo linalopotosha wengi. Katika kuziba kwa muda mrefu, wengu uliovimba ndiyo alama ya kutegemewa kuliko zote. Wagonjwa walio wengi wanao. Pwani yetu, hata hivyo, ina sababu nyingine nyingi za wengu mkubwa, na neno “bandama” limezoeleka hata likawa jibu badala ya kuwa swali.

Anza kupapasa kutoka kinenani upande wa kulia, si chini ya mbavu za kushoto. Wengu hukua kwa mshazari kuelekea kulia na chini, na anayeanzia juu huuweka mkono wake katikati ya wengu wenyewe akadhani ni misuli iliyokaza. Mkono ukae tuli mgonjwa anapovuta pumzi na usogee anapoitoa. Usipoupata, mlaze ubavu wa kulia, magoti yakunjwe, mkono wako wa kushoto usukume mbavu za nyuma kuja mbele. Ulichokigusa ni wengu iwapo kinashuka na pumzi, kina pengo kwenye ukingo wake wa ndani, kinatoa sauti butu kikigongwa, na vidole vyako haviwezi kupenya kati yake na mbavu. Figo huruhusu vidole kupita juu yake.

Iwapo bado hukupata kitu, gonga nafasi ya mwisho kati ya mbavu za kushoto, kwenye mstari wa mbele wa kwapa, huku mgonjwa akivuta pumzi ndefu. Sauti ikigeuka kuwa butu, wengu umekua ingawa haujafika mkononi. Kipimo hiki hudanganywa na tumbo lililoshiba. Katika mwezi wa Ramadhani mgonjwa anayefunga, akipimwa alasiri, hutoa jibu safi. Yule yule akipimwa baada ya futari, uji na mihogo ya nazi vitakujibu badala ya wengu.

Sasa sababu. Malaria ya kurudiarudia inaweza kuufanya wengu uvuke sentimita 10 chini ya mbavu, lakini mgonjwa wake hatapiki damu kwa sababu hiyo peke yake, na wengu hupungua kwa dawa za malaria zikitumika kwa muda mrefu. Kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na inzi mchanga, huleta wengu mkubwa mno pamoja na homa ya wiki nyingi na kukonda. Muulize kama ameishi au kuchunga Wajir, Marsabit, Baringo au Pokot Magharibi. Selimundu, iliyo nyingi katika Kaunti ya Kilifi, hukuza wengu wa mtoto mdogo, lakini kwa mtu mzima mwenye selimundu kamili wengu kwa kawaida umekwisha kusinyaa. Kichocho cha matumbo ndicho kinachofanana zaidi na donge la vena porta, kwa kuwa nacho huziba njia ya damu na kuacha kazi ya ini ikiwa nzima. Tofauti yake mkononi ni kipande cha kushoto cha ini, ambacho huwa kigumu na kikubwa chini ya chembe cha moyo. Kichocho kilichozoeleka pwani ni kile cha kibofu, kinacholeta mkojo wa damu. Kwa hiyo ukishuku cha matumbo, uliza juu ya Ziwa Viktoria au mashamba ya mpunga ya Mwea.

Kinachobaki ni mtu mwenye wengu mkubwa, mgumu kiasi, usiouma, ini la kawaida, na vipimo vya malaria visivyo na vimelea. Huyo ndiye ninayemshuku. Mimi mwenyewe, miaka yangu ya mwanzo katika kituo kimoja cha bara, nilimpa kijana mmoja dawa ya malaria mara tatu kwa kuutazama wengu wake tu, na vipimo vyake vyote vitatu vilikuwa havina kitu. Ubavuni mwake kulikuwa na safu mbili za chale zilizokwisha kupauka. Niliziona na sikuziuliza. Chale za namna hiyo ni kumbukumbu iliyoandikwa mwilini: zinasema kwamba wengu ulikuwa mkubwa tangu utotoni, kwamba ndugu waliuona, na kwamba walimpeleka kwa mganga miaka mingi kabla ya kukujia wewe. Alirudi mara ya nne ametapika damu.

Swali linalofuata baada ya chale ni la kitovu. Uambukizo wa kitovu cha mtoto mchanga, au mpira wa dawa uliopitishwa kitovuni akiwa wodini, unaweza kugandisha damu kwenye vena porta, na matokeo yake yakajitokeza miaka mingi baadaye. Hivyo mtoto wa miaka tisa akiletwa kutoka Siyu na tumbo lililoinuka upande mmoja, muulize mama yake kwa upole:

“Mama, kitovu chake kilikauka vyema alipozaliwa?”

“Kilikawia. Kilitoka usaha mpaka karibu na arubaini. Bibi yake alikuwa akikiweka majivu.”

Bibi akiwapo, usimlaumu mbele ya mkwewe. Unachokihitaji ni habari, na atakayelaumiwa hatakueleza tena. Kwa mtu mzima uliza juu ya vidonge vya kupanga uzazi, ujauzito na uzazi wa karibuni, ugonjwa wa kongosho, upasuaji wa tumbo hasa wa kuondoa wengu, na ndugu waliowahi kuganda damu miguuni.

Mtoto mpime urefu na uzito pia, kwa maana kuziba kwa muda mrefu hudumaza. Tazama kama ana michubuko isiyo na sababu au vidoa vyekundu miguuni, kwani wengu uliovimba hufungia chembe za kugandisha damu.

Ametapika damu, lakini wengu haupapasiki

Usiliondoe donge kwenye orodha yako. Wengu uliojaa damu hunywea mgonjwa anapovuja damu nyingi, kama mfuko uliomwagwa, na hurudi kujaa baada ya siku kadhaa akishaongezewa maji na damu. Andika kwamba haukupapasika siku hiyo, kisha mpime tena.

Hapa mpangilio wa uchunguzi hubadilika: mapigo ya moyo na shinikizo la damu huja kabla ya tumbo. Kama anaweza kuketi, mpime amelala kisha ameketi. Mapigo yakipanda kwa zaidi ya 30 au shinikizo la juu likishuka kwa zaidi ya 20, amepoteza damu nyingi hata kama beseni ulilooneshwa lina kidogo. Damu nyekundu yenye mabonge hutoka umioni au juu ya tumbo la chakula kwa kasi. Iliyo kama mashapo ya kahawa imekaa tumboni kwanza. Choo cheusi kithibitishe kwa kidole chenye glavu. Choo cha damu iliyosagwa hunata kama lami ya mashua na kina harufu isiyosahaulika, ilhali cheusi cha vidonge vya madini ya chuma, wanavyomeza wajawazito wetu, hakinati wala hakinuki hivyo.

Linaloshangaza katika kundi hili ni jinsi mgonjwa anavyostahimili. Mwenye ini lililosinyaa akivuja damu kiasi hicho huanza kuchanganyikiwa, mikono ikipepea anapoinyoosha, macho yakageuka manjano. Mwenye donge tu, ini lake likiwa zima, hubaki na akili timamu akikujibu maswali. Utulivu huo ni dalili ya ugonjwa ulipo, wala haumaanishi kwamba hali yake si ya hatari. Uliza pia alimeza nini juzi: diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa madukani kwa maumivu ya mgongo, huweza kuanzisha uvujaji huu.

Mishipa imechomoza juu ya tumbo

Wengi wetu tulifundishwa kwamba mishipa iliyochomoza kuzunguka kitovu ni alama ya shinikizo la vena porta, na kwa hiyo tunaitarajia kwa kila mgonjwa wa namna hii. Hapa ndipo anatomia inapolipa gharama ya kusomwa. Vena inayojaza mishipa ya kitovu hutoka kwenye tawi la kushoto la vena porta, ambalo liko baada ya shina, yaani ng'ambo ya donge. Shina likiziba, shinikizo kubwa halilifikii tawi hilo, na kitovu hubaki kitulivu. Mishipa ya kitovu, pamoja na mvumo laini unaosikika kwa stetoskopu kati ya kitovu na chembe cha moyo, huelekeza zaidi kwenye kizuizi kilicho ndani ya ini, kama sirosisi, yaani ini lililosinyaa.

Mishipa ikiwa ubavuni au mgongoni, pima mwelekeo wa damu. Weka vidole viwili vya shahada pamoja juu ya mshipa ulio chini ya kitovu, vitenganishe ukikamua damu, kisha inua kimoja na utazame mshipa unajaa kutoka wapi. Ukijaa kutoka chini kwenda juu, kilichoziba ni vena kuu ya chini ya mwili. Kutoka kitovuni kwenda pande zote ni shinikizo la vena porta, na kizuizi zaidi kiko ndani ya ini. Ini likiwa kubwa na lenye kuuma, maji yakiwa mengi, na mishipa ya shingo isijae unapoliminya ini, fikiria ugonjwa wa Budd-Chiari, ambao donge lake liko kwenye vena zinazotoka katika ini. Mishipa ya shingo ikiwa imejaa tangu mwanzo, rudi kwenye moyo.

Tumbo limejaa maji

Maji mengi si tabia ya donge la muda mrefu lililo peke yake. Hutokea kidogo, hasa siku za baada ya kuvuja damu au ya kuongezewa maji mengi mishipani, kisha huondoka. Sauti butu inayohama mgonjwa anapogeuka ubavu huhitaji karibu lita moja na nusu ya maji. Ukiipata waziwazi na ikakaa, tafuta sababu nyingine pamoja na donge, au badala yake: sirosisi, saratani, kifua kikuu cha tumbo, moyo au figo.

Maumivu makali, tumbo laini

Hadi hapa nimezungumzia donge la zamani. Donge jipya lina sura nyingine, na ugumu wake ni kwamba uchunguzi hautoi mengi. Mgonjwa ana maumivu ya tumbo ya saa au siku kadhaa, pengine yakipenya mgongoni, homa ndogo, kichefuchefu, tumbo limejaa gesi kidogo. Wengu unaweza kuwa wa kawaida kwa sababu haujapata muda wa kukua. Unapomminya anaumia kidogo tu, ilhali uso wake na jasho lake vinasema maumivu ni makubwa. Tofauti hiyo kati ya anachosema na anachokipata mkono wako isikufanye umwone mwenye kujidai. Ndiyo dalili yenyewe.

Linaloogopewa ni donge kushuka kwenye vena ya utumbo, utumbo ukaanza kufa. Rudia kupima kila baada ya saa moja au mbili, mpimaji akiwa yule yule ikiwezekana. Sauti za utumbo zikinyamaza, tumbo likikaza kama ubao, maumivu yakizidi unapoachilia mkono ghafla, choo kikatoka na damu, mapigo yakipanda na shinikizo likishuka, huyo ni mgonjwa wa upasuaji. Asingoje boti ya asubuhi.

Ikiwa homa ni ya kutetemeka, ya kupanda na kushuka, na ini linauma, shuku donge lenye usaha. Chanzo chake mara nyingi ni kidole tumbo kilichooza au uambukizo mwingine wa ndani; papasa upande wa chini wa kulia kwa makini na uanze dawa za viuavijasumu zinazofikia bakteria wa utumbo kabla ya kumsafirisha.

Macho ya manjano na mwili unawasha

Katika donge la zamani, vijishipa vilivyoota kulizunguka huweza kuubana mfereji wa nyongo. Tafuta alama za kujikuna, mkojo wa rangi ya chai na choo kilichopauka. Homa ikiongezeka, nyongo imeingia vijidudu.

Ini ambalo tayari ni bovu

Kanuni ya ini tulivu ina mahali inapovunjika, na ni vizuri kupataja waziwazi. Mgonjwa wa sirosisi, iwe ya hepatitisi B au ya miaka mingi ya kunywa mnazi, anaweza kupata donge juu ya ugonjwa wake, na kwake alama zote za ini lililochakaa zitakuwapo, hata mishipa ya kitovu. Kinachokuamsha hapa ni badiliko: maji yaliyokuwa yakidhibitiwa kwa dawa yanajaa upya ndani ya wiki chache, au anavuja damu kwa mara ya kwanza, au anaanza kuchanganyikiwa bila sababu ya wazi. Lipapase ini lake upya. Likiwa gumu kama jiwe, lenye mabonge, na ukasikia juu yake mvumo mkali unaoenda na mapigo ya moyo, saratani ya ini inaweza kuwa imeingia ndani ya vena yenyewe.

Ini la kawaida hupima sentimita 6 hadi 12 kwenye mstari wa katikati ya mtulinga, likigongwa kutoka juu hadi chini. Pima kwa utepe. “Ini kubwa kidogo” haisaidii chochote kwa atakayempokea.

Barua ya rufaa

Yote haya hujenga shuku. Uthibitisho ni wa altrasaundi ya Doppler, inayoonesha donge au msitu wa vijishipa mahali pa mshipa mmoja. Dawa za kuzuia kuganda, heparini kisha warfarini, hutumika kwa donge jipya kwa miezi isiyopungua 3 na mara nyingi 6, lakini zisianzwe zahanatini kwa mtu ambaye jana alitapika damu na ambaye umio wake haujatazamwa kwa kamera.

Anayevuja damu awekewe kanula mbili nene kabla ya kuteremka gatini, kwa sababu hakuna atakayempata mshipa ndani ya boti inayorushwa na mawimbi. Damu aongezwe kwa kiasi, hemoglobini ikilengwa gramu 7 hadi 8 kwa desilita, maana kuujaza mshipa uliobanwa hufungua tena pale palipokuwa pakivuja. Katika barua andika sentimita za wengu chini ya mbavu na sentimita za ini, kama kuna maji, mishipa ya tumbo iko wapi na inajaa kutoka upande gani, mapigo na shinikizo pamoja na saa ulipoyapima, habari za kitovu na za chale, na neno moja juu ya hina ikiwa ilikuzuia kuona viganja. Mama wa yule mtoto wa Siyu mpe nakala ya pili aitie mkobani, na umwambie aioneshe kila mahali watakapopokewa, kuanzia Mokowe hadi Mombasa.